Kiraka cha Tawi la Nne

Květoslava Šebestíková alikutwa amekufa Jumapili asubuhi, katika ua wa kiwanda cha zamani cha nguo mtaa wa Cejl, mjini Brno, chini ya dirisha la ofisi yake mwenyewe. Theluji ilikuwa imemfunika mwili mzima isipokuwa kiatu kimoja. Mlinzi wa lango ndiye aliyekiona.

Kapteni Zdislava Kopřivová wa upelelezi wa makosa ya jinai alifika hajanywa hata kahawa. Jina lake la ukoo kwa Kicheki ni yale majani yanayowasha, na waliowahi kuhojiwa naye husema jina halikukosea mtu. Alitazama juu. Ghorofa ya nne, dirisha liko wazi. Kwenye jengo la jirani watu watatu walikuwa wamesimama madirishani na simu mkononi. Mmoja alikuwa anakula mkate huku anarekodi.

"Ota," alimwita sajini wake, "waambie wale wafunge kabla sijapanda kuwafungia mwenyewe."

Sajini Otakar Mikulka akaenda. Watu wale wakavuta mapazia, wakaacha upenyo wa kupitisha simu.

Daktari Běhal, mchunguzi wa maiti, alikuwa amepiga goti kando ya mwili. Aliinua bega la marehemu kidogo.

"Njoo ushike hapa, Kapteni. Chini yake."

Kopřivová aliingiza mkono. Saruji ilikuwa kavu.

"Theluji yote iko juu yake," alisema daktari. "Chini hakuna hata punje."

"Jana ilianza kuanguka lini?"

"Mara baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimetoka kufagia mbele ya gereji, nikaitukana. Ikakatika kabla ya giza."

"Kwa hiyo aliangukia hapa kabla haijaanza."

"Na hakuinuka tena. Mengine nitakwambia nikishamfungua."

Sajini Mikulka alirudi anakimbia, simu mkononi, uso umechangamka kama wa mtu aliyeokota pochi.

"Kapteni, tumemaliza. Ameacha ujumbe. Dunia nzima imeshausoma."

Kopřivová alisoma. Lilikuwa tangazo lililotumwa kwa jina la marehemu kwa watumiaji wote wa Ledvina. Ledvina ni figo kwa Kicheki, na ndilo jina la programu huria ambayo marehemu na wenzake waliitunza miaka mingi bila kumuuzia mtu. Programu hiyo huendesha pampu za mashine za kusafisha damu, katika hospitali ambazo hazina uwezo wa kununua nyingine.

Tangazo lilisema: "Leo nimetoa toleo la mwisho la tawi la nne. Tawi hili linafungwa. Wagonjwa wawili wamekufa kwa sababu ya hitilafu ya pampu. Kiraka kilikuwepo tangu mwaka jana, nami sikukipandisha kwenye tawi la nne. Kosa ni langu peke yangu. Nisameheni. Květa."

"Limetumwa lini?"

"Jana jioni. Giza lilikuwa limeshaingia."

"Ota, nitazame. Huyu mama alituma barua akiwa chini ya theluji?"

Sajini alitazama ule mwili, akatazama simu. Uso ukamshuka.

*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye meza sita, baridi kama bucha. Juu ya meza ya marehemu kulikuwa na kompyuta mpakato iliyofungwa, na kando yake sanduku la plastiki la chakula. Lilikuwa tupu. Uma ulikuwa ndani yake, umerambwa ukang'aa, na ukingoni palibaki alama ya zambarau ya tunda.

Mtu aliingia nyuma yao bila kubisha. Mrefu, koti zuri, nywele zimechanwa.

"Hynek Doležel," alijitambulisha. "Mimi na Květa ndio tulioongoza mradi. Nimekuja mara tu niliposikia. Msiba mkubwa sana, Bi Kapteni."

"Pole. Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Naandaa hotuba ya mkutano wetu wa wiki ijayo. Naishi peke yangu, kwa hiyo shahidi sina, kama ndilo swali linalofuata."

"Ndilo. Ulishangaa kuona tangazo?"

Doležel alishusha pumzi. "Kusema kweli, hapana. Květa alikuwa mtu mwema lakini alibeba mengi. Mtu akibeba mengi, anasahau. Nimewaandikia wenzetu asubuhi hii kwamba tumpe heshima yake licha ya kosa lake."

Kopřivová alimtazama kidogo. Mwili bado uko uani na huyu ameshasamehe kwa maandishi.

"Mimi sijui mambo ya programu," alisema. "Nieleze kama unamweleza mama yako. Tawi ni nini?"

"Mama yangu ni mhandisi," alitabasamu. "Lakini sawa. Kuna shina. Huko ndiko tunakofanya kazi mpya. Kila baada ya muda shina linatoa tawi, na hospitali zinatumia tawi hilo. Tawi halipewi vitu vipya, linatunzwa tu. Hitilafu ikionekana, tunatengeneza kiraka kwenye shina, kisha kinapandishwa kwenye matawi ya zamani. Tawi la nne ni la zamani kuliko yote yanayotumika bado. Lilikuwa mikononi mwa Květa."

"Na yeye akasahau hiki cha pampu."

"Ndivyo alivyoandika mwenyewe."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Květa? Na kila mtu. Kwa upendo."

Alipoondoka, Kopřivová aliagiza sanduku na uma vipelekwe maabara vikachukuliwe vinasaba.

"Uma wa chakula chake mwenyewe, Kapteni?" aliuliza sajini.

"Wewe ukiwa unataka kujirusha, utaramba uma kwanza?"

*

Marehemu hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake, Drahomíra, mshonaji wa mapazia katika mtaa wa Židenice. Alimpokea Kapteni jikoni. Hakulia. Aliweka simu yake mezani, ikawa inatetemeka kila mara kama mdudu aliyepinduka.

"Wameipata namba yangu," alisema. "Soma. Soma tu."

Kopřivová alisoma mistari michache. Mmoja alimwita marehemu muuaji. Mwingine alisema afadhali amejihukumu mwenyewe, kaokoa gharama za mahakama. Mwingine alikuwa ameweka kikatuni cha mtu anayeanguka. Wote hao walikuwa wanatumia bure kazi ya mikono ya yule mama. Kapteni aliisukuma simu mbali, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Bi Drahomíra, dada yako hakujirusha. Kuna mtu alimuua."

Drahomíra aliigeuza simu kifudifudi.

"Asante kuniambia. Lakini siyo nililokuwa nataka kuuliza."

"Uliza."

"Wale wagonjwa wawili. Dada yangu ndiye aliyewaua?"

"Sijui bado."

"Wewe tafuta aliyemsukuma, ndiyo kazi yako. Mimi nitafutie hilo. Miaka kumi na minne hakwenda likizo kwa ajili ya zile mashine. Nilikuwa namcheka, namwambia umeolewa na figo. Kama ni kweli alisahau, nitakubali, ni binadamu. Lakini nataka kujua ninamzika nani."

"Nitakuletea jibu."

"Usiniletee la kunifariji."

"Siyaleti hayo."

Drahomíra aliinuka kuondoa vikombe. Akiwa amempa Kapteni mgongo aliuliza, sauti ya chini:

"Ijumaa nilimpelekea maandazi ya plamu, yale ya kuchemsha. Plamu za bustani ya mama, nilizigandisha tangu msimu. Alizila?"

"Sanduku lilikuwa tupu."

"Angalau alikula," alisema Drahomíra.

*

Jumatatu asubuhi Daktari Běhal alipiga simu.

"Kisogoni pana pigo la kitu kizito cha chuma. Alipigwa kwanza, akaanguka baadaye. Pigo peke yake lingetosha."

"Tumboni?"

"Kahawa. Tangu Ijumaa usiku hakutia kitu kingine kinywani."

Kopřivová alilikumbuka lile sanduku tupu.

"Kapteni? Upo?"

"Nipo. Alikuwa na maandazi ya plamu mezani."

"Hakuyala yeye."

Kapteni alikata simu. Mbele yake palikuwa na kipande cha keki alichonunua njiani. Alikichukua akakitupa kwenye ndoo ya taka, kisha akaona hata harufu yake inamkera, akaitoa ndoo nje.

Mtu wa pili wa tawi la nne aliitwa Ctibor Kaláb, mwanamume mnene mwenye buti za tope, aliyekuja kituoni moja kwa moja kutoka milimani. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nilikuwa kwenye kibanda changu tangu Ijumaa," alisema. "Kule hakuna mtandao, ndiyo maana naenda. Jirani yangu ana risiti ya kuni tulizonunua pamoja, na mke wake ana malalamiko kuhusu kelele zetu. Waulize."

"Tumeshawauliza. Malalamiko ni ya kweli. Ulilisoma tangazo la Bi Květa?"

"Nililifungua leo nikiwa njiani. Nikaona wagonjwa, nikaona nisameheni, nikafunga. Sijaweza kurudia."

"Nisaidie jambo moja kwanza. Kiraka kikishatengenezwa, kinapandishwaje kwenye tawi la zamani?"

"Kinashushwa."

"Nini?"

"Kinashushwa. Hakipandishwi." Kaláb aliinua kichwa. "Umeongea na Hynek wewe."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu duniani yeye peke yake ndiye anasema kupandisha. Sisi wote tunasema kushusha. Unatoka kwenye kipya unateremka kwenye cha zamani, kwa waliobaki chini. Lilikuwa neno la Květa tangu mwanzo. Hynek alipokuja kutoka mradi mwingine akaanza vituko vyake: eti shina liko chini, matawi yako juu, mti gani maji yake yanashuka? Walibishana neno hilo moja miaka tisa. Mwaka juzi waliuvunja mkutano mzima, watu wote tukaondoka kwenda kunywa bia tukawaacha wanachora miti ukutani."

"Kwa neno moja?"

"Bi Kapteni, hujawahi kukaa na watu wetu. Květa angekata kidole kuliko kuandika kupandisha."

Kopřivová alimsogezea karatasi yenye tangazo. Kaláb alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika katikati alisimama. Akarudi nyuma, akasoma tena. Ngozi ya shingo yake ilianza kuwa nyekundu.

"Hii hakuandika Květa."

"Hebu nisaidie niwe na hakika. Hangeweza kuandika mapema, ikapangiwa kujituma jioni?"

"Barua ingeweza. Toleo haliwezi. Toleo lazima litiwe saini kwa ufunguo wake, kidude kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye kompyuta. Wakati wa kusaini unakigusa kwa kidole. Saa ileile."

"Kidole cha nani?"

"Hakiulizi cha nani. Kikishachomekwa na namba ya siri ikishaandikwa, hata kidole cha paka kitafaa."

"Nani aliandika hicho kiraka cha pampu, mwaka jana?"

"Hynek."

"Na nani alipaswa kusema kwamba kinahitajika pia kwenye tawi la nne?"

"Anayekiandika. Ndiyo desturi. Ukitengeneza kitu kwenye shina, unatazama kama matawi yanaumwa ugonjwa uleule, unaweka alama ya kishushwe. Hiki hakikuwa na alama." Kaláb alikunja uso. "Subiri. Květa alimuuliza. Mbele yangu, mezani, tunakula supu. Alimwambia, Hynek, na la nne linayo hitilafu hii? Hynek akasema halina, ameangalia. Květa akaamini. Huwezi kumpima mwenzako kila neno, kazi haitakwenda."

"Wagonjwa walipokufa?"

"Alirudi kuangalia mwenyewe, bila shaka. Angeangalia." Alisimama ghafla. "Kuna desturi nyingine. Kiraka kikishushwa hakitolewi mpaka mtu wa pili akikague. Mtu wa pili wa tawi la nne ni mimi. Kama Květa alikishusha, alinitumia."

Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya polisi. Alikosea nywila mara kadhaa, akajitukana. Kisha akageuza kioo upande wa Kapteni. Kilikuwepo. Kilikuwa kimetumwa Jumamosi asubuhi, kimeshushwa kwenye tawi la nne, kimepimwa, kinasubiri jicho la pili.

"Kule kwenye hazina ya mradi, tunakoweka kazi yetu yote, hakipo," alisema Kaláb baada ya kutazama. "Kimefutwa kila mahali aliyekifuta alipoweza kufika. Kwangu hakuweza." Akaweka kiganja mdomoni. "Toleo la mwisho limetoka bila kiraka. Mtu huyo alikuwa nacho mbele ya macho yake, akatoa toleo bila kiraka."

"Maana yake nini kwa wagonjwa?"

"Maana yake mashine zile bado zinaua."

Kopřivová aliinua simu. Kabla ya adhuhuri hospitali zote zilizojulikana zilikuwa zimeambiwa zizime mashine za tawi la nne na kuwahamishia wagonjwa kwenye nyingine, hata za kuazima. Kaláb alikwenda kukagua kiraka. Alisema hatalala mpaka kitoke, na hakuna aliyemuomba alale.

*

Hynek Doležel aliletwa chumba cha mahojiano Jumanne. Aliomba maji yenye gesi. Akaletewa ya bomba.

"Bwana Doležel, mahojiano haya yanarekodiwa. Unaweza kuita wakili."

"Sihitaji wakili kueleza programu."

"Vizuri. Tuanze na programu. Mimi bado nachanganya. Kiraka kinashushwa au kinapandishwa?"

Doležel aliguna, akaegemea nyuma kama mwalimu aliyesubiri swali hilo mwaka mzima.

"Kinapandishwa. Kushusha ni upuuzi. Ukiwa na shina na matawi, umekubali kuwa una mti. Mti maji yake yanapanda. Květa alitaka mti na ngazi kwa pamoja."

"Yeye alisema kushusha."

"Mpaka anakufa."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ungemwamsha usingizini angesema kushusha."

"Nisomee hapa. Mstari wa nne."

Alimsogezea tangazo. Doležel alitazama. Macho yalitembea kwenye karatasi, yakafika, yakasimama. Alikunywa maji.

"Alikuwa amechanganyikiwa," alisema. "Mtu anayekwenda kufa hachagui maneno."

"Alikuwa ameshakufa. Tangazo lilipotoka alikuwa chini ya theluji ya mchana mzima. Nani aligusa ufunguo?"

"Sijui."

"Kaláb alikuwa milimani."

"Labda mwizi."

"Mwizi anayejua kutoa toleo, anayefuta kiraka, anayesema kupandisha. Kisha anakula maandazi ya watu."

Doležel aliisogeza karatasi mbali naye.

"Ulikuwa nyumbani Jumamosi?"

"Nimeshasema."

"Uma una mate yako. Maabara imelinganisha na sampuli mlizotoa wote wa ofisi jana, imethibitisha asubuhi hii."

Sajini Mikulka, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisahau kupepesa macho.

"Alinipigia simu niende," alisema Doležel hatimaye. Sauti haikubadilika sana, na hilo ndilo lililomchefua Kapteni. "Alisema ameona tawi la nne linaumwa. Kwamba nilimdanganya. Atalisema kwenye tangazo, na jina langu atalitaja, lakini ameona ni haki yangu nisikie kwanza kutoka kwake. Haki yangu. Wiki moja kabla ya mkutano."

"Ulimdanganya?"

"Nilimwambia halina."

"Ulikuwa umeangalia?"

"Niliangalia. Linayo."

"Kwa nini?"

"Wewe hujui lile tawi." Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Takataka. Msimbo wa zama za kale, umeshonwa viraka juu ya viraka, unanuka. Kila tulipotaka kwenda mbele, Květa anasema ngoja, na la nne je? Na zile hospitali, hata asante hawasemi. Ningesema lina hitilafu, angelipa uhai miaka miwili zaidi. Nilitaka life lenyewe. Nilidhani litawashinda, watahama."

"Hawakuhama. Walikufa watu."

"Wawili. Kuna maelfu wanaotumia."

Kopřivová aliweka kalamu chini taratibu, maana aliona mkono wake unataka kuirusha. Amehoji wezi, wabakaji, na mtu aliyemchoma baba yake. Wote hao walikuwa na kitu, hasira, ulevi, njaa, kitu unachoweza kukishika ukasema haya, ndicho hiki. Huyu aliacha damu za watu zivurugike kwa sababu kazi ilimchosha.

"Endelea. Jumamosi."

"Aliwasha sigara, akaenda kufungua dirisha. Alinipa mgongo, bado anaongea. Pale rafuni kulikuwa na pampu yetu ya kwanza, ya chuma, tuliiweka kama kumbukumbu. Nilimpiga nayo. Kisha nikamsukuma nje. Pampu iko kwenye mto, chini ya daraja la reli."

"Hukufikiria kumwita daktari?"

"Alikuwa ameshaanguka."

"Ulimsukuma wewe."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu nikaketi kwenye meza yake. Kompyuta ilikuwa wazi, ufunguo umechomekwa, namba ya siri ameshaiandika, alikuwa anajiandaa kutoa. Nikafuta kiraka. Ilichukua muda, alikuwa amekisambaza. Nikaandika tangazo. Niliona theluji inaanguka, nikasema afadhali, itamfunika."

"Ilimfunika. Na maandazi?"

"Nilikuwa sijala tangu asubuhi."

"Ya mtu uliyetoka kumuua."

"Yangeharibika," alisema Doležel.

Kopřivová alitoka. Alikwenda chooni, akafungua maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasukutua mdomo, akanawa tena. Sajini alimfuata hadi mlangoni.

"Kapteni, uko sawa?"

"Siko sawa. Andaa maelezo yake, asaini. Sitaki kukaa naye hata dakika zaidi ya inayotakiwa."

Doležel alisoma maelezo yake kurasa zote, akasahihisha tahajia mahali pawili, akasaini. Kisha akaweka kalamu sambamba na karatasi.

"Nina ombi moja. Kaláb atatoa toleo lenye kiraka, sivyo?"

"Kesho."

"Kile kiraka ni changu. Nilikiandika mimi, na ni kazi safi, muulize mtu yeyote. Kanuni ya mradi inasema kiraka kikihamishwa, jina la mwandishi linahama nacho. Nataka jina langu lisifutwe."

Sajini Mikulka alisema neno moja ambalo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za mahojiano.

*

Jumatano mchana Kopřivová alimchukua Drahomíra kwa gari mpaka ofisini Cejl. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kaláb alikuwa ameketi na nguo zilezile za Jumatatu.

"Limetoka," alisema. "Hospitali ya kwanza imeshawasha mashine. Na tangazo nimeandika upya, lile la uongo liko chini yake pamoja na maelezo ya polisi, ili kila mtu asome yote mawili."

Kapteni alimgeukia Drahomíra.

"Uliniuliza swali. Hakusahau. Alimuuliza mwenzake, mwenzake akamdanganya. Alipogundua, alikishusha kiraka mwenyewe, na aliuawa kwa sababu alikuwa anataka kusema ukweli. Hilo si la kukufariji. Ndivyo ilivyokuwa."

Drahomíra alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, bila kuweza kuacha.

"Nionyesheni," alisema. "Aliposhusha. Nataka kuona."

Kaláb aliita rekodi ya kiraka kwenye kioo, kisha akasita, mkono hewani.

"Kuna kitu inabidi ukijue kwanza. Kwa kanuni yetu, kiraka kinakwenda na jina la aliyekiandika. Halifutwi. Hata mwandishi akiwa mtu gani."

"Akiwa yule?"

"Hata yule."

"Nani alitunga kanuni ya kijinga hivyo?"

Kaláb alitazama meza.

"Květa," alisema. "Alisema tukianza kufuta majina ya watu tunaowachukia, hatutaaminiwa tena na mtu."

Drahomíra alisogea karibu na kioo, akavaa miwani yake ya kushonea. Maandishi yalikuwa mafupi. Mwandishi: Hynek Doležel. Ameshusha: Květoslava Šebestíková. Amekagua: Ctibor Kaláb.

Alisoma mara moja. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya mstari wa kwanza, akakibonyeza hapo, na akaendelea kusoma mstari wa pili.